Tiba ya Mwili kwa Majeraha ya Kihisia: Ipi Ichaguliwe, na kwa Jeraha Lipi

Wapo watu wanaoweza kueleza kwa ufasaha kabisa chanzo cha maumivu yao, wakataja mwaka, mtu na tukio, na bado mwenzi wao akichelewa kujibu ujumbe kwa saa mbili tu, tumbo linawasokota, kifua kinabana, na kabla hawajafikiri lolote wameshaandika maneno makali au wamezima simu. Kuelewa wameelewa, ila mwili haujapata habari hizo. Ni kwa ajili ya watu wa namna hii tiba zinazoanzia mwilini zimepata wafuasi wengi katika miongo ya karibuni, na ni watu hao hao wanaobabaika wanapokutana na majina mengi ya tiba, kila moja likiahidi kuponya kila kitu.

Ulinganisho huu unahusu njia zinazotajwa zaidi: EMDR (tiba inayotumia miondoko ya macho mtu anapokumbuka tukio), Somatic Experiencing, Sensorimotor Psychotherapy pamoja na Hakomi iliyoitangulia, yoga inayozingatia kiwewe, na mazoezi ya kutetemeka yanayojulikana kama TRE. Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kabla ya kuuliza ni tiba ipi iliyo bora, mtu ajiulize mambo mawili: kwanza, je, jeraha lake lilitokana na tukio lenye mwanzo na mwisho, au lilijengeka taratibu ndani ya uhusiano na watu waliomlea au aliowapenda, pili, je, kwa sasa anaweza kukaa mbele ya mtu mwingine na kuusikiliza mwili wake bila kuzidiwa? Majibu ya maswali haya mawili hupunguza orodha haraka kuliko sifa zozote zinazosomwa kwenye tangazo la mtaalamu.

Mwili unakumbuka nini hasa

Njia zote zinazolinganishwa hapa zinakubaliana juu ya jambo moja la msingi. Hatari inapotokea, mfumo wa neva huuandaa mwili kabla fikra hazijakamilika: moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi, na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ili mtu apambane au akimbie. Pale ambapo yote mawili hayawezekani, kama ilivyo kwa mtoto mdogo mbele ya mtu mzima mwenye hasira, mwili huganda au hulegea, na hisia hufifia. Ikitokea hivyo mara nyingi, au mara moja kwa ukali mno, mwitikio huo huwa mwepesi kuamka hata pale ambapo hatari haipo tena. Sauti iliyopanda kidogo tu inatosha.

Hata hivyo, usemi ulioenea kwamba kiwewe "kimehifadhiwa kwenye misuli" haupaswi kuchukuliwa neno kwa neno. Msuli wa bega hauna kumbukumbu ya kofi alilopigwa mtu utotoni. Wenye kumbukumbu ni ubongo, ambao ulijifunza kuliinua bega kila uso fulani ulipokunjamana, ukairudia amri hiyo kwa miaka hadi bega likazoea kukaa juu. Tofauti hii inaweza kuonekana ya kitaaluma tu, lakini ndiyo inayoamua jinsi ya kuchagua. Anayeamini kwamba mwili ni ghala la maumivu atatafuta tiba ya kulimwaga ghala hilo, yaani kilio kikubwa, kutetemeka, kupiga mito kwa ngumi, na atapima mafanikio kwa ukubwa wa mlipuko. Anayeelewa kwamba ni mazoea yaliyofunzwa atatafuta mahali pa kujifunza mwitikio mwingine, kidogo kidogo na kwa kurudiarudia, hata kama kwa mtazamaji wa nje vipindi vyenyewe vitaonekana kama hakuna kinachoendelea.

Kwa sababu hiyo pia nisingemshauri mtu achague tiba kwa uzuri wa nadharia yake. Nadharia ya mwanasayansi Stephen Porges kuhusu neva ya vagasi, yaani neva ndefu inayounganisha ubongo na moyo, mapafu na tumbo, aliyoitangaza mwaka 1994, imekuwa lugha ya pamoja ya wataalamu wengi wa tiba za mwili, na maelezo yake ya hali tatu, yaani utulivu, tahadhari na kuzimika, yamewasaidia wateja wengi kujielewa bila kujilaumu. Lakini baadhi ya wanasayansi wa fiziolojia wanaipinga misingi yake, na mjadala haujaisha. Mtaalamu akiitumia kumweleza mteja kinachomtokea, hakuna ubaya. Akiitumia kama ushahidi kwamba tiba yake inaponya, ametia chumvi.

Jeraha la tukio: EMDR na Somatic Experiencing

Ajali, shambulio, msiba wa ghafla, uzazi uliogeuka kuwa wa hatari: haya ni majeraha yenye tarehe. Kwa majeraha ya aina hii EMDR ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko nyingine zote zilizotajwa hapa. Mwanasaikolojia Francine Shapiro alianza kuiunda mwaka 1987 na kuchapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, liliitaja pamoja na tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe kuwa njia za kuwatibu watu wenye msongo wa baada ya kiwewe, na NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, mwaka 2018 iliipendekeza kwa watu wazima ambao kiwewe chao hakikutokana na vita, ikieleza kwamba kwa kawaida huchukua vipindi 8 hadi 12 na zaidi ya hapo inapolazimu, kwa mfano pale majeraha yanapokuwa mengi.

Wako wanaohoji kama EMDR ni tiba ya mwili kweli, kwa kuwa inajulikana zaidi kwa macho yanayofuata vidole vya mtaalamu vikienda kulia na kushoto. Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba mwili umo tangu mwanzo. Mteja huombwa ashike akilini picha moja ya tukio, imani mbaya aliyoipata juu yake mwenyewe, na mahali mwilini anapoisikia. Hupima usumbufu wake kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Na kati ya awamu nane za tiba hii, ya sita ni ya kuukagua mwili kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa sababu kumbukumbu haihesabiwi kuwa imetulia maadamu koo au tumbo bado limekaza. Kuhusu kwa nini macho yasogee, wataalamu hawajakubaliana. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba kumbukumbu ya kazi, yaani sehemu ya akili inayoshika mambo ya papo hapo, ina nafasi ndogo, hivyo mtu anayefuatilia kitu kinachosogea hawezi wakati huo huo kuikumbuka picha ya kutisha kwa ukali wake wote, na picha hiyo hurudi kuhifadhiwa ikiwa imefifia.

Somatic Experiencing, iliyoanza kuundwa na Peter Levine katika miaka ya 1970, inafuata njia tofauti kabisa. Haimtaki mteja asimulie tukio, na mara nyingi humzuia asilikaribie kiini chake mapema. Kazi hufanyika kwa dozi ndogo ndogo, na umakini huhamishwa kutoka mahali palipokaza mwilini kwenda mahali palipotulia na kurudi. Mtu aliyenusurika ajali ya gari anaweza kuombwa arejee kwenye sekunde chache kabla ya mgongano, alipoona taa zikimjia. Mtaalamu anaona mguu wake wa kulia ukisukuma sakafu kana kwamba unakanyaga breki, na papo hapo anamwomba asiendelee na kisa. Badala yake anaachwa ausukume mguu taratibu sana, ahisi nguvu ikipanda kwenye paja hadi kiunoni, kisha ahamishie umakini kwenye kiganja chake kilicholala juu ya goti, chenye joto na kisicho na wasiwasi wowote. Kutoka pajani kwenda kiganjani na kurudi: huenda kipindi kizima kikaishia hapo, na mteja akaenda nyumbani akijiuliza kama kweli amelipia tiba.

Swali hilo la mteja ni la haki, na utafiti unalijibu nusu nusu. Jaribio la nasibu, yaani lenye washiriki waliogawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, lililofanyika Israel na kuchapishwa mwaka 2017, likiwa na washiriki 63 waliopewa vipindi 15 au kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, lilionyesha nafuu kubwa kwa waliotibiwa. Denmark nako, mwaka huo huo, wagonjwa wenye maumivu sugu ya mgongo pamoja na kiwewe walipungukiwa na dalili za kiwewe walipoongezewa tiba hii juu ya fiziotherapi, ilhali jaribio jingine la nchini humo lililochapishwa mwaka 2020 halikuona faida ya ziada. Kumlinganisha mtu aliyetibiwa na aliyekuwa akisubiri tu, kama ilivyofanyika Israel, ni kipimo chepesi. EMDR imepimwa kwa vipimo vigumu zaidi, ikashindanishwa na tiba nyingine zilizothibitishwa.

Kwa hiyo, mtu anayeweza kuifikiria kumbukumbu yake, akatoka jasho na kutetemeka lakini akabaki anajua yuko wapi na ni siku gani, aanze na EMDR. Hoja ya Somatic Experiencing huwa na nguvu pale mtu anapokufa ganzi au kupoteza uzi wa mazungumzo kila anapolikaribia tukio, au pale ambapo hana picha yoyote ya kushika, kama ilivyo kwa matibabu mazito aliyofanyiwa akiwa mtoto mchanga. Akiichagua, apatane na mtaalamu tangu mwanzo juu ya dalili za maishani zitakazoonyesha maendeleo, kwa mfano kulala bila kushtuka au kuendesha gari kupitia barabara aliyokuwa akiikwepa, la sivyo anaweza kufurahia vipindi vya utulivu kwa miezi mingi huku maisha yake yakibaki pale pale.

Jeraha la uhusiano: Sensorimotor Psychotherapy na Hakomi

Jeraha lililojengwa na uhusiano lina tabia nyingine. Mara nyingi halina tukio la kusimulia kabisa, kwa kuwa kilichoumiza ni kile ambacho hakikutokea: mtoto alilia na hakushikwa, alifurahi na hakuna aliyefurahi naye, alijifunza kwamba kupendwa kunategemea kutosumbua. Ukimwuliza mtu huyo utoto wake ulikuwaje atajibu kwamba ulikuwa wa kawaida, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyojua. Hapa ndipo EMDR inapopungukiwa kidogo, kwa sababu imeundwa ikitafuta kumbukumbu za kulenga; wataalamu wake wenye uzoefu wana mbinu za kulivuka pengo hilo, lakini kazi huwa ndefu kuliko vile vipindi 8 hadi 12.

Kwamba mtindo wa uhusiano, yaani namna mtu alivyozoea kukaribia au kukwepa wengine, hukaa mwilini kabla ya maneno si dhana tu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, akiendeleza kazi ya John Bowlby kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi, aliwachunguza watoto wenye umri wa mwaka mmoja hivi walipotenganishwa na mama zao kwa dakika chache na kisha kukutanishwa nao tena. Wengine walikimbilia kushikwa wakatulia. Wengine hawakujali, walau kwa macho, wakaendelea na vitu vya kuchezea kana kwamba hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Baadaye watafiti walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa kundi hili la pili, waliyakuta yamepanda. Mtoto ambaye hajui hata kuunda sentensi alikuwa ameshajifunza kuuzuia mwili wake usionyeshe uhitaji. Mtu mzima anayesema "mimi sina shida na mtu, nikiachwa naachika" huenda bado anafanya kazi ile ile, kwa gharama ile ile.

Hakomi iliundwa na Ron Kurtz katika miaka ya 1970, na Pat Ogden, aliyefanya kazi naye, akaunda Sensorimotor Psychotherapy kuanzia miaka ya 1980, akiielekeza zaidi kwenye kiwewe na kuipa mpangilio wa hatua: kwanza mteja apate uwezo wa kujituliza, ndipo yaguswe ya zamani, ndipo yajengwe maisha ya sasa. Zote mbili hufanya majaribio madogo ndani ya chumba cha tiba, mteja akiwa ametulia na kujitazama. Katika Hakomi mtaalamu anaweza kusema sentensi moja tu ya ukarimu, kwa mfano "Hapa unakaribishwa jinsi ulivyo," kisha wote wawili wakanyamaza kuangalia kinachotokea. Huenda koo la mteja likabana. Huenda likaja wazo la haraka kwamba maneno hayo ni ya uongo. Huenda macho yakatafuta mlango. Kilichojitokeza hapo ni imani ambayo mteja asingeitaja hata angeulizwa moja kwa moja, na kazi inaanzia hapo.

Jaribio linalotumika sana katika Sensorimotor Psychotherapy ni la umbali. Mtaalamu husimama mwisho wa chumba na kumwomba mteja amwelekeze: asogee, asimame, arudi nyuma. Wateja wengi hukuta hawajui kusema "simama hapo." Hatua ya kwanza, mteja anatabasamu, ya pili, bado anatabasamu, lakini mabega yamepanda na pumzi imekwama juu ya kifua, ya tatu, anasema "sawa tu" huku kiwiliwili kikiegemea nyuma. Mtaalamu mzuri hasogei tena. Anamwonyesha mteja pengo lililopo kati ya neno lililotoka na mgongo ulioegemea, kisha anamwomba ajaribu kuinua kiganja mbele ya kifua, bila maneno, na aone mwili unasemaje. Kitendo cha mkono kinachoonekana kidogo namna hiyo kinaweza kuwa cha kwanza katika maisha ya mtu aliyekulia mahali ambapo kukataa kuliadhibiwa. Kwa mwenye tatizo la upande wa pili, yule anayeishi kwa hofu ya kuachwa, jaribio huwa la kunyoosha mkono kuomba, na kuona kama kiwiko kinakubali kunyooka au kinabaki kimebanwa ubavuni.

Ushahidi wa kisayansi wa njia hizi mbili ni mwembamba. Kwa Sensorimotor Psychotherapy yapo majaribio machache na madogo, hasa ya vikundi vya wanawake waliopitia kiwewe cha muda mrefu, nayo yanatia moyo bila kuthibitisha. Kwa Hakomi upo pungufu ya huo. Pamoja na hayo, kwa jeraha la uhusiano ningeanzia hapa, kwa sababu iliyo ya kiutendaji kuliko ya kitakwimu: mtindo wa uhusiano hujitokeza mbele ya mtu mwingine, na hapa mtu mwingine yupo na anafanyiwa kazi naye moja kwa moja. Mwenye hofu ya kuachwa ataanza kuhesabu siku kati ya vipindi. Mwenye kukwepa ukaribu ataghairi miadi mara tu baada ya kipindi kilichomgusa. Mambo hayo ni malighafi ya tiba, na mtaalamu aliyefunzwa kuusoma mwili atayaona mapema.

Hatari zake ni mbili. Tiba ya aina hii huchukua muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka, na gharama zake hupanda kulingana na muda huo. Halafu mtaalamu naye ana mwili na mitindo yake. Mtaalamu anayependa kuhitajika, akikutana na mteja anayeogopa kuachwa, anaweza kumlea badala ya kumsaidia asimame, na wote wawili wakaona mambo yanakwenda vizuri.

Pale ambapo uso wa mtu mwingine ni mzigo: yoga inayozingatia kiwewe

Kwa watu walioumizwa na watu, hasa kingono, kukaa mkabala na mtu anayekutazama na kukuuliza unahisi nini kunaweza kuwa kugumu kuliko kumbukumbu yenyewe. Hao ndio yoga inayozingatia kiwewe inawafaa zaidi. Iliendelezwa na David Emerson katika kituo cha tiba ya kiwewe kilichoongozwa na Bessel van der Kolk huko Massachusetts, Marekani, na inatofautiana na yoga ya kawaida kwa mambo yanayoonekana: mwalimu hamgusi mtu kumrekebisha, hatoi amri bali anakaribisha ("ukipenda, unaweza kuinua mkono"), na hakuna mkao sahihi wa kufikia. Lengo ni mtu afanye uamuzi mdogo kuhusu mwili wake mwenyewe, auhisi, kisha afanye mwingine.

Jaribio lake linalojulikana zaidi lilichapishwa mwaka 2014 na liliwahusu wanawake 64 wenye kiwewe sugu ambacho hakikuwa kimetii matibabu. Baada ya wiki 10, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakufikia tena vigezo vya msongo wa baada ya kiwewe, ikilinganishwa na asilimia 21 ya waliohudhuria madarasa ya elimu ya afya. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mwingine wa wanawake 131 waliowahi kutumikia jeshi la Marekani na kudhulumiwa kingono wakiwa kazini. Yoga hiyo ilileta nafuu iliyolingana na ya tiba ya utambuzi iliyothibitishwa, na waliomaliza programu walikuwa wengi zaidi upande wa yoga. Jambo hili la mwisho linastahili uzito, kwa kuwa tiba bora inayoachwa katikati haimsaidii mtu. Nisichokiona yoga ikikifanya ni kurekebisha mtindo wa uhusiano wenyewe. Inamrudishia mtu mwili wake, naye akishaupata anaweza kuuleta kwenye tiba ya watu wawili.

Tiba kwa njia ya ngoma na mwendo, ambayo Marian Chace aliianzisha katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington mwaka 1942, inakaa kati ya hizi: kuna mtu mwingine, lakini mazungumzo ni ya miili inayofuatana. Anayeona aibu kutazamwa akitembea asiikimbilie. Anayekosa maneno na anapenda mwendo, aiulizie.

TRE na tiba za mlipuko

TRE, iliyobuniwa na David Berceli, ni mfululizo wa mazoezi ya kuchosha misuli ya miguu na nyonga, kisha mtu hulala chali nyayo zikiwa zimegusana na magoti yamefunguka, hadi mapaja yaanze kutetemeka yenyewe. Watu wengi hutoka wakihisi wepesi na kulala vizuri usiku huo. Ni rahisi kujifunza na ni ya gharama nafuu. Tafiti zake ni chache na dhaifu, na madai kwamba mtetemo huo "unatoa" kiwewe yanarudisha lile wazo la ghala. Kama njia ya kupunguza mkazo kwa mtu aliye imara, sina pingamizi. Kama tiba ya jeraha la utotoni, na zaidi sana kama mtu atajifanyia peke yake chumbani kwa kufuata video, ningemzuia: mtetemo unaweza kuamsha hisia kubwa mahali ambapo hakuna mtu wa kumsaidia kuzibeba.

Tahadhari hiyo inahusu pia tiba za mwili zinazosisitiza kupiga kelele, kupiga teke na kulia kwa nguvu, ambazo asili yake ni Wilhelm Reich, aliyeandika mwaka 1933 juu ya "ngao ya tabia" ambayo mtu hujikinga nayo, na mwanafunzi wake Alexander Lowen. Tuna deni kwao kwa wazo lenyewe kwamba mkao wa mtu hubeba historia yake. Njia za kisasa zimeacha mlipuko kwa sababu mwili uliojaa kupita kiasi haujifunzi. Daktari wa akili Dan Siegel alizungumzia dirisha la ustahimilivu, yaani kiwango ambacho ndani yake mtu anaweza kuhisi na kufikiri kwa wakati mmoja, na kazi yenye faida hufanyika humo.

Mguso, afya na mipaka

EMDR na yoga inayozingatia kiwewe hazihitaji mguso wa mtaalamu, isipokuwa pale EMDR inapotumia kugonga mikono kwa zamu badala ya macho, jambo ambalo mteja anaweza kujifanyia. Somatic Experiencing na Sensorimotor Psychotherapy zinaweza kuutumia au zisiutumie. Mteja ana haki ya kuuliza tangu simu ya kwanza: unagusa wapi, kwa nini, unaombaje ruhusa, na nikikataa tiba inaendeleaje? Ruhusa iliyotolewa leo haihusu wiki ijayo. Mtaalamu anayeeleza kwamba woga wa kuguswa ni "ukinzani" unaopaswa kuvunjwa asipewe nafasi ya pili, na mguso wa kimapenzi au wa kingono hauna mahali katika tiba yoyote, kwa maelezo yoyote.

Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo, ujauzito au upasuaji wa karibuni amwone kwanza daktari kabla ya mazoezi yanayoutikisa mwili, TRE ikiwa ya kwanza. Anayesikia sauti, anayepoteza saa nzima bila kujua alikuwa wapi, au mwenye mawazo ya kujidhuru anahitaji daktari wa afya ya akili awe sehemu ya mpango. Kuukazia mwili macho kunaweza kumzidishia hofu mtu mwenye mishtuko ya ghafla. Kwake, kuanza na vitu vya nje, kama uzito wa kiti, rangi za ukuta na sauti za mbali, ni salama kuliko kuanza na mapigo ya moyo.

Lipo na jambo ambalo matangazo ya tiba hizi husahau kulitaja. Mwili unaoshtuka mtu fulani anapoingia nyumbani huenda haukosei. Anayeishi na mwenzi anayempiga au kumtisha hana mwitikio wa zamani wa kufunzwa upya. Ana taarifa sahihi, na tiba ya kumtuliza ingemwondolea onyo analolihitaji. Usalama hutangulia. Kwa upande mwingine, wenzi wasiodhuriana ambao mtindo wao hujitokeza tu wakiwa pamoja, mmoja akifuata na mwingine akikimbia, wanaweza kunufaika zaidi na tiba ya wanandoa inayolenga hisia, iliyoundwa na Sue Johnson na Les Greenberg katika miaka ya 1980, kuliko kila mmoja kwenda kivyake kuuchunguza mwili wake.

Kumpima mtaalamu

Jina la tiba hueleza mengi kuhusu mbinu na machache kuhusu aliye mbele yako. Mafunzo ya Somatic Experiencing huchukua takriban miaka mitatu, lakini huwapokea pia watu wasio wataalamu wa saikolojia, kama wakandaji na walimu wa mazoezi. Cheti chake peke yake hakimfanyi mtu kuwa na uwezo wa kutibu mfadhaiko mkubwa. Uliza mambo mawili: leseni ya msingi ya taaluma ya afya, na muda aliosomea mbinu anayoitangaza. Mafunzo ya wikendi moja si mafunzo.

Vipindi vya kwanza vitatu au vinne vinatosha kuonyesha kama mwendo unakufaa. Kuchoka baada ya kipindi, au kuota ndoto nzito usiku mmoja, ni jambo la kawaida. Kushindwa kufanya kazi kwa siku kadhaa kila baada ya kipindi ni dalili kwamba dozi ni kubwa mno, na hilo lisemwe waziwazi katika kipindi kinachofuata. Mtaalamu anayepokea malalamiko hayo kwa kupunguza kasi na kuubadili mpango anafaa kuendelea naye, hata kama tiba yake haina tafiti nyingi. Anayejibu kwamba maumivu ni ishara ya kupona na mteja avumilie tu, aachwe, hata kama anatumia EMDR.